Kabla ya winchi, anza na chesisi

Land Rover 110 ya mwaka 1995 ikitangazwa kuuzwa Arusha, tangazo huanzia juu: keria ndefu, taa nne za ziada, snokeli, winchi, matairi mapana yenye meno. Picha hupigwa kwa mbele, gari limeoshwa, matairi yamepakwa dawa yanang'aa. Mnunuzi anayeijua kazi havitazami hivyo kwanza. Anaomba kipande cha boksi, anakitandika chini, analala chali na kuingia uvunguni na tochi na nyundo ndogo. Anaanzia nyuma, kwenye boriti ya mwisho ya chesisi, anagonga taratibu kuelekea mbele. Chuma kizima hulia mlio mkavu unaorudi mkononi. Kilicholiwa na kutu hutoa mlio mfu, na pengine nyundo huzama. Akitoka pale ameshajua bei halali ya gari, hata kama muuzaji bado anasifia winchi.

Siku hizi watu wengi wa mjini, vijana na hata wazee waliostaafu wakabaki na hamu ya porini, wananunua fowili za zamani kwa safari za wikiendi na likizo: Ziwa Natron, Usambara, Kondoa, bonde la Rufiji. Ni jambo zuri na ninalipenda. Kinachoniuma ni mpangilio wa matumizi. Fedha za kwanza zinakwenda kwenye vitu vya kuonekana, na gari linafika Engaruka likiwa na winchi mpya huku beringi za habu hazijaguswa grisi tangu enzi lilipokuwa likibeba watalii. Gari la aina hii halikosi uwezo wa kupita njia mbaya, limezaliwa nao. Linachokosa ni kurudishwa kwenye hali liliyotoka nayo kiwandani. Kazi hiyo ndiyo marekebisho ya kwanza, na kwa wengi wetu ndiyo yanayotosha.

Habari ya chesisi ina asili yake. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, Uingereza ikiwa ndiyo kwanza imetoka vitani na chuma kikitolewa kwa mgawo. Watengenezaji wakaunda bodi kwa aloi ya alumini na kuacha chuma kwa ajili ya chesisi. Utaratibu huo haukubadilika mpaka gari la mwisho la ukoo ule lilipotoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Ndiyo maana unaweza kukuta bodi nzima kabisa baada ya miaka 40, chini yake chesisi imekwisha. Gari lililofanya kazi Tanga au Mombasa, karibu na chumvi ya bahari, huoza haraka kuliko lililokaa Dodoma. Na pale alumini inapogusana na chuma penye unyevunyevu, alumini yenyewe huanza kuliwa, ikitoa unga mweupe kwenye kingo za milango na kuzunguka boliti.

Kutu hupendelea mahali tope linapokaa: boriti ya nyuma kabisa, mikono inayotokeza pembeni kubeba bodi, na sehemu za juu ya ekseli ambako bomba la kuoshea magari halifiki. Boriti za chesisi zina uwazi ndani, kwa hiyo mara nyingi huoza kutoka ndani kuja nje. Rangi mpya nyeusi, nzito, iliyopakwa uvunguni wiki moja kabla ya gari kuuzwa inapaswa kukutia shaka. Kuchomelea kunawezekana, mradi sehemu iliyooza ikatwe yote na kiraka kishike chuma kizima. Kiraka kilichobandikwa juu ya kutu ni cha kuuzia gari, si cha kusafiria. Fundi akianza kuchomelea, nyaya za betri ziwe zimetenguliwa, na kama kazi iko karibu na tangi la mafuta, tangi lishushwe. Akimaliza, inyunyiziwe dawa ya kuzuia kutu, au hata oili, ndani ya boriti kupitia matundu yake. Ni kazi ya asubuhi moja, nayo huongeza miaka.

Ukitoka kwenye chesisi, nenda kwenye oili. Ya injini kila mtu anaikumbuka. Lakini 110 ina oili ya giaboksi, ya boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, ya difu ya mbele, ya difu ya nyuma, na kilainishi cha makasha mawili yaliyo nyuma ya magurudumu ya mbele. Fungua plagi ya kujazia difu, ingiza kidole ukikunje, kisha kitazame kwenye mwanga wa jua. Oili nzuri ina rangi ya asali na inavutika. Ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, maji yameingia. Ikimetameta chembe za chuma, gia zimeshaanza kulana. Gari ambalo mwenyewe anaapa kwamba limefanyiwa sevisi juzi, mara nyingi plagi hiyo haijafunguliwa kwa miaka. Utaiona ilivyofunikwa na udongo mkavu, pembe zake hazina alama ya spana.

Maji hayo huingia kwa njia ambayo wengi hawaifikirii. Difu iliyotembea saa kadhaa imepata moto, na hewa iliyomo ndani yake imetanuka. Ukiizamisha ghafla kwenye mto wa baridi hewa hiyo inasinyaa, na difu inavuta pumzi kupitia tundu lake la kupumulia au kupitia sili iliyochoka. Kinachoingia ni maji na mchanga wake. Magari mengine yalitoka kiwandani na mpira mfupi kwenye tundu hilo, ambao sasa umekatika. Mengine yana kivalvu kidogo tu juu ya ekseli, kimeziba kwa tope. Dawa ni mpira mwembamba unaoshika mafuta, utoke kwenye kila ekseli na upande hadi juu ndani ya boneti, ufungwe vizuri usiguse ekzosi. Kwa gharama ndogo namna hiyo hakuna badiliko jingine linaloikaribia faida yake. Ningeambiwa nichague moja tu, ningechagua hilo.

Kisha inua gurudumu la mbele kwa jeki, weka stendi chini ya ekseli, shika tairi juu na chini, sukuma na uvute. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, kisha urudie. Mchezo ukiisha, beringi za habu ndizo zimelegea. Ukibaki, tatizo liko kwenye pini ambazo gurudumu linazungukia unapokata kona. Mafundi wenye uzoefu hufanya jaribio hili bila hata kufikiri, lakini mteja akilijua hatabadilishiwa beringi nzima huku pini zikiachwa. Papo hapo tazama lile tufe la chuma linalong'aa nyuma ya gurudumu. Likiwa na vishimo vya kutu, usihangaike kununua sili peke yake. Vishimo hivyo vitaikwangua na oili itaanza kuvuja tena baada ya muda mfupi.

Wenye Toyota wasijione wako salama. Land Cruiser za 70 zilianza mwaka 1984, na injini ya 1HZ ikaja 1990: silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, dizeli, haina tabo. Ndiyo iliyojenga sifa ya Land Cruiser kwenye mbuga zetu, na karakana za Arusha zimekuwa zikikata chesisi za magari hayo, kuzirefusha, na kuzipa bodi ya watalii yenye paa la kufunuliwa. Ni ufundi mkubwa uliokomaa hapa hapa. Lakini gari lililorefushwa na kutumika mbugani kwa miaka ni la kukaguliwa zaidi, si pungufu, hasa pale chesisi ilipoungwa. Tafuta nyufa ndogo kwenye ncha za mchomeleo. Vumbi jekundu la kutu likitoka kwenye mstari mwembamba, chuma kimeshaanza kupasuka. Zile Land Cruiser ambazo habu zake za mbele hufungwa kwa mkono nazo zina ugonjwa wake: mwenye gari anaweza kukaa mwaka mzima bila kuzigusa, na siku amezama kwenye tope la mfinyanzi mweusi anakuta zimeganda. Zizungushe kila mwezi, gari litembee kidogo zikiwa zimefungwa, angalau mafuta yafike yanapotakiwa.

Jambo jingine kuhusu 1HZ, kwa sababu nimewasikia watu wengi wakibishana: ina taimingi belti, si cheni. Taa iliyoandikwa T-BELT kwenye dashibodi haikuwekwa kwa urembo. Land Rover ya 300Tdi, iliyoanza mwaka 1994, nayo ina taimingi belti, na baadhi ya injini za mwanzo zilikuwa na kasoro ya puli kutokukaa kwenye mstari mmoja, belti ikawa inajisaga pembeni. Kiwandani wanashauri ibadilishwe kila kilomita 120,000 katika matumizi ya kawaida, na kila 60,000 katika mazingira magumu. Kwa barabara zetu hesabu ya pili ndiyo ya kwetu. Belti ikikatika valvu hukutana na pistoni, na safari inaishia hapo.

Upo ukaguzi mdogo wa 300Tdi ambao ningependa kila mwenye gari aujue. Chini ya kava la taimingi, mbele ya injini, kuna tundu dogo lenye nafasi ya plagi. Ingiza kipande cha waya kilichofungwa kitambaa safi na ukizungushe. Kikitoka na vumbi la kawaida, endelea na maisha. Kikitoka na nyuzi au unga mweusi wa mpira, belti inalika, na gari lisitoke mjini. Ukikuta oili, kuna sili inayovuja ndani, na oili huilainisha belti mpaka ife kabla ya wakati. Dakika tano tu, wala hakuna kilichofunguliwa.

Joto ndilo linaloua injini nyingi za zamani kuliko mito na mawe yote. Hedi ya 300Tdi ni ya alumini. Ikipata moto kupita kiasi mara moja, hupinda, gasketi huungua, na kinachofuata ni gharama kubwa. Chanzo mara nyingi ni kidogo mno: gasketi nyembamba nyuma ya nyumba ya pampu ya maji inavuja tone kwa tone, au mpira wa rejeta uliozeeka unavimba karibu na klampu. Huku kwetu tuna desturi ya kujaza maji ya bomba kwa hoja kwamba hakuna barafu ya kuogopa. Hoja hiyo inasahau kwamba dawa ya rejeta kazi yake nyingine ni kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Maji matupu hula alumini na kujaza magamba kwenye njia za rejeta. Na unapopita mbuga zenye nyasi ndefu, mbegu zake hujaa usoni mwa rejeta mpaka hewa isipite. Funga wavu mwembamba mbele yake, simama kila baada ya muda, uukung'ute. Tazama na uvunguni, maana nyasi kavu zikijikusanya kwenye ekzosi huwaka moto.

Vumbi nalo si la kubezwa. Udongo wa nyanda za Ndutu na wa kandokando ya Natron ni majivu ya volkano yaliyosagika. Ni laini mno na hupenya kila mahali. Chujio la hewa likaguliwe kila jioni ya safari. Pitisha kidole ndani ya bomba linalotoka kwenye chujio kuelekea injini: kikitoka na vumbi, basi hewa inapita pasipochujwa, na tabo pamoja na ringi za pistoni vinasagwa kimyakimya. Kwa upande wa dizeli, 110 nyingi zina kikombe cha kutenga maji kilichofungwa kwenye chesisi karibu na gurudumu la nyuma. Kimejificha, kimejaa tope, na mafundi wengi hubadilisha filta ya mbele bila kukumbuka kwamba kipo. Legeza skurubu yake ya chini, uache yatoke maji mpaka ianze kutoka dizeli safi.

Hapo gari limerudi. Sasa tuzungumze kuongeza.

Mazungumzo ya gereji kuhusu kupandisha gari huwa yanafanana. Mteja anasema, "Fundi, nataka ipande inchi mbili." Fundi mzuri haanzi na bei. Anauliza, "Kaka, unabeba nini, na unakwenda wapi?" Swali hilo lina maana, kwa sababu springi ndefu zinainua bodi tu. Ekseli inabaki palepale, na difu, ambayo ndiyo inayogonga jiwe katikati ya njia, haipandi hata milimita moja. Kinachoipandisha difu ni tairi kubwa, tena si kwa kiasi ambacho watu wanadhani. Tairi la 235/85R16, linaloifaa 110 bila kubadili kitu, lina kipenyo cha milimita 806 hivi. Tairi la 285/75R16, lile pana linalopendwa kwa sura yake, lina milimita 834. Tofauti ni 28, na kwa kuwa ekseli iko katikati ya gurudumu, difu imepanda milimita 14. Hiyo si hata sentimita moja na nusu.

Kwa sentimita hiyo moja na kitu umelipa mengi. Gia zote zimekuwa ndefu kwa asilimia tatu na nusu, kwa hiyo injini ya zamani inahangaika zaidi mlimani. Spidomita ikisoma 80 gari linakwenda karibu 83. Tairi pana hugusa chesisi unapokata kona hadi mwisho, na uzito wake huongeza mzigo kwa beringi, kwa tai rodi, na kwa shafti za ekseli ambazo zilikuwa zikilalamika tangu zamani. Kwenye tope la Usambara msimu wa masika, tairi jembamba lenye meno hukata utelezi na kutafuta udongo mgumu chini, wakati lile pana linaelea juu na kuteleza kuelekea bondeni. Pana lina faida yake kwenye mchanga, nakubali. Lakini hata mchangani, kinachosaidia zaidi ya upana ni kupunguza upepo.

Jambo la upepo halitiliwi uzito unaostahili. Kitabu cha 110 yenye matairi ya 7.50R16 kinataja paundi 28 mbele na 48 nyuma gari likiwa na mzigo. Watu wanajaza hivyo mjini na kwenda hivyohivyo mpaka mchangani, wanazama, wanatoa koleo. Shusha hadi 18, hata 15 ikibidi, na gari lile lile lililozama litatoka lenyewe, kwa sababu tairi limekuwa refu chini na limegawa uzito. Masharti ni mawili: usikimbie likiwa na upepo huo, na usilifanyie hivyo tairi lenye tyubu bila uangalifu, maana linaweza kuzunguka ndani ya rimu na kung'oa shingo ya valvu. Pampu ndogo ya kujazia na geji ya kuaminika ni vifaa vya kwanza kununua, kabla ya taa, kabla ya hema la juu. Kwenye barabara ya changarawe iliyojikunja kama bati, paundi chache pungufu huokoa shokapu, bushi, na migongo ya abiria.

Tukirudi kwenye kuinua: inchi mbili zinakubalika kama gari linabeba mzigo mkubwa kila wakati na springi zake zimechoka. Ila fundi aangalie yanayofuata. Pembe ya ekseli ya mbele hubadilika, usukani ukawa mwepesi wa kutangatanga barabara kuu. Propela shafti hukaa kwa pembe kali zaidi, krosi zake zikaisha mapema na gari likatetemeka. Mipira ya breki, ile inayotoka kwenye chesisi kwenda kwenye ekseli, inaweza kuvutika hadi kukatika gurudumu likining'inia. Sijui kwa nini gereji nyingi hupandisha springi na kuacha mipira ile ile. Ni uzembe unaoweza kuua.

Bado hatujagusa uzito, nao ndio adui mwenyewe. 110 ya kawaida inaruhusiwa uzito wa jumla wa kilo 3,050. Ukitoa uzito wa gari lenyewe unabaki na karibu tani moja, na humo ndimo waingie watu, mafuta, maji, chakula, mahema na vyuma vyote ulivyoongeza. Winchi ya umeme yenye kebo ya chuma ni takriban kilo 40, na bampa la kuibeba lina uzito wake. Dumu moja la chuma la lita 20 za dizeli ni zaidi ya kilo 20. Weka madumu manne na tairi la akiba juu ya keria, kisha pita njia iliyoinama pembeni huko Loliondo, utaona gari linavyotafuta kulala ubavu. Vizito vikae chini na katikati. Juu ya keria viende mahema, magodoro, makoti.

Nyaya za taa za ziada zisiungwe moja kwa moja kwenye swichi. Ziwe na rilei na fyuzi yake, na nyaya zipite ndani ya mpira kila zinapovuka chuma chenye makali. Magari mengi ya zamani hayakufa kwa ajali. Yaliungua yakiwa yameegeshwa.

Kuhusu winchi, nitasema jambo moja kwa wale wanaosafiri gari zaidi ya moja: kamba nzuri ya kuvutia na ndoano mbili zilizofungwa kwa boliti kwenye chesisi, mbele na nyuma, zitawatoa mara nyingi kuliko winchi. Lakini kamwe msivutie kwa kifundo cha kukokotea trela. Kikikatika chini ya mvuto kinaruka kama risasi, na kimeshaua watu katika nchi nyingi. Kebo ya winchi nayo itupiwe blanketi zito au koti katikati kabla ya kuvuta, na watu wote wasogee mbali zaidi ya urefu wa kebo iliyotolewa.

Wapenzi wa magari yaliyobadilishwa kabisa huwa wananitajia Rhino Charge ya Kenya. Mashindano hayo yalianza mwaka 1989 kuchangia uzio wa kuilinda misitu ya Aberdare, na uzio huo, wa kilomita 400 hivi, ulikamilika mwaka 2009. Timu hupewa saa 10 kufika vituo 13, na inayovifikia vyote kwa umbali mfupi zaidi ndiyo mshindi. Kwa hiyo wanakata moja kwa moja, makorongo na majabali, na magari yao yameundwa upya kuanzia ekseli hadi paa. Ninayaheshimu sana. Ila gari la namna hiyo halibebi familia, halibebi maji ya siku tano, na huhitaji kufunguliwa lote baada ya siku moja ya kazi. La kuigwa kwa wasafiri wa kawaida ni tabia ya timu zao: kuna watu wanaoshuka na kukimbia mbele kwa miguu kuisoma njia kabla gari halijaingia. Kwenye korongo la kawaida la Kondoa, dakika mbili za kushuka na kutembea zingeokoa difu nyingi.

Spea ni suala la peke yake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari ya umri mkubwa, kwa hiyo fowili za zamani tulizonazo ndizo tutakazoendelea nazo. Bahati nzuri Arusha ina utajiri wa mafundi na spea za Land Rover. Oktoba 2024 mji ulijaa magari hayo kutoka pande mbalimbali kwa tamasha lake, na barabarani uliona kila kizazi, cha bodi fupi na cha bodi ndefu. Tatizo ni bidhaa feki. Kwa vitu kama mlango, kioo, kiti, hata boneti, chukua cha gari lililochinjwa na uokoe fedha. Kwa beringi, sili, taimingi belti, mpira wa breki na pampu ya maji, nunua kipya cha kampuni inayojulikana, kutoka kwa muuzaji atakayekupa risiti, hata kama itakubidi kungoja mwezi. Spea ya bei chee ikishindwa Namanga utapata msaada. Ikishindwa kati ya Ngare Sero na Loliondo utalala hapo.

Na snokeli? Ni kifaa kizuri kwa vumbi kuliko hata kwa maji, kwa sababu huvuta hewa iliyo juu ya wingu la gari la mbele. Lakini viungo vyake vyote vizibwe kwa silikoni hadi kwenye kasha la chujio. Snokeli iliyofungwa kwa skurubu tu, bila kuzibwa, huingiza maji kwenye silinda vilevile kama ambayo haipo, na maji hayashindiliwi. Kinachopinda ni fimbo ya pistoni. Tena snokeli haibadilishi kina ambacho gari lenyewe linavumilia. Kwa 110 ya kawaida kiwanda kiliweka sentimita 50.

Kwa hiyo ukifika mtoni, tembea kwanza na fimbo, upime kina na ukague kama chini kuna mawe au tope. Mahali penye mamba au viboko usiingie majini. Subiri gari jingine lipite au rudi. Mkondo ukiwa na nguvu ya kukuyumbisha magotini, usivuke. Kabla ya kuingia, injini na ekseli zipoe kidogo. Kwenye Land Rover funga plagi mbili za kuvukia maji, moja chini ya nyumba ya klachi, nyingine kwenye lile tundu la kava la taimingi. Funga difu ya kati, weka gia nzito ya pili, ingia polepole mpaka wimbi dogo lijitengeneze mbele ya bampa, kisha lifuate kwa mwendo ule ule bila kukanyaga klachi.

Ng'ambo ya pili, kanyaga breki mara kadhaa ukitembea ili zikauke. Toa zile plagi mbili, maana zikibaki, oili yoyote inayovuja ndani haina pa kutokea, itaishia kwenye klachi au kwenye belti. Na ukifika nyumbani, kabla hujaliosha gari, rudi na spana kwenye plagi za difu, ya mbele na ya nyuma. Oili ikiwa imeanza kugeuka rangi, imwage siku hiyo hiyo ujaze nyingine, kwa sababu maji yakikaa humo wiki nzima gari likiwa limeegeshwa, beringi za difu huanza kushika kutu zikiwa hazizunguki.